Misalaba Mitatu, na Sisi Tuko Wapi?

Katika miaka ya 1970, ukiingia katika nyumba ya mfanyakazi wa Lubumbashi, Likasi ao Kolwezi, mara nyingi ulikuta picha za rangi ukutani, juu ya viti vya wageni. Zilichorwa na mafundi wa kwetu juu ya kitambaa cha mifuko ya unga, wakapita nazo mlango kwa mlango wakiziuza. Kulikuwa mamba muntu, yule mwanamke wa majini mwenye mkia wa samaki. Kulikuwa "Colonie belge": mfungwa amelazwa chini, askari mweusi anamupiga fimbo, muzungu anasimama kando anaangalia. Na kulikuwa Lumumba. Watu wa Katanga walikuwa na neno moja kwa picha za namna hii: ukumbusho. Picha ilikuwa na kazi, si pambo tu. Ilipashwa kukukumbusha kitu, na wewe umuelezee mgeni wako.

Sisi wa chama hiki cha utamaduni, hapa Kabondo-Dianda, tulikubaliana kuandika juu ya kujitoa kwa watu weusi waliopigania ukombozi wao. Tungeweza kuandika sifa peke yake, kama zinavyosomwa kila tarehe 17 Januari na kila tarehe 30 Juni. Lakini sifa zimekwisha kuwa nyingi, na mioyo yetu haitikisiki tena. Kwa hiyo tumechagua picha moja ya ukumbusho. Tutaisifu pale inapostahili, kisha tutagombana nayo kidogo, maana mtu anagombana na ndugu yake, si na mpita njia.

Fundi wa picha hiyo ni Tshibumba Kanda Matulu. Alizaliwa Élisabethville mwaka 1947, katika jamaa iliyotoka Kasai. Mwaka 1973 na 1974 alichora picha zipatazo 100 zinazosimulia historia ya nchi yetu, tangu mambo ya mababu mpaka siku zake mwenyewe. Alizifanya kwa ajili ya mwalimu Johannes Fabian, aliyekuwa akifundisha chuo kikuu kule Lubumbashi, na kila picha aliielezea kwa mdomo katika Kiswahili chetu cha Katanga. Maneno yake yalirekodiwa, na kitabu kikatoka mwaka 1996. Tshibumba hakutaka kuitwa mpaka-rangi tu. Alijihesabu kuwa mtu wa historia. Tangu karibu mwaka 1981 hakusikika tena.

Tuseme hapa hapa jambo linalotuuma: sehemu kubwa ya picha zile leo iko katika jumba la makumbusho huko Amsterdam. Ukumbusho wetu uko Bulaya, na watoto wetu wanauona katika vitabu, kama wakibahatika kupata kitabu.

Picha tunayoisema ni ile ya kifo cha tarehe 17 Januari 1961. Patrice Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito wamekufa. Kwa mbali, misalaba mitatu. Kutoka ubavuni mwa Lumumba damu inatiririka, na pale chini inapomwagika inaandika neno moja la Kifaransa: *unité*, maana yake umoja. Mtu yeyote aliyefundishwa katekisimo anaelewa mara moja. Hii ni Golgota. Tshibumba mwenyewe alieleza wazi kwamba kwake yeye Lumumba alikuwa kama Bwana Yesu wa nchi yetu.

Tuanze na sifa. Kumbukeni namna mambo yalivyokwenda. Lumumba na wenzake wawili waliletwa Élisabethville kwa ndege, wakapigwa, na usiku uleule wakapigwa risasi porini, pale Shilatembo. Askari waliofyatua bunduki walikuwa weusi, maofisa wa Kibelgiji walikuwa pale pamoja nao, na wakubwa wa serikali ya Katanga walikuwa wanaangalia. Halafu maiti zilifukuliwa. Polisi wa Kibelgiji, Gérard Soete, pamoja na wasaidizi wake, alizikatakata na kuziyeyusha katika asidi, ili pasiwe kaburi, pasiwe mahali pa kuwekea hata ua. Na tarehe 13 Februari 1961 serikali ya Katanga ilitangaza uongo: eti wafungwa walitoroka, na wanakijiji waliwakamata wakawaua.

Sikilizeni vizuri ule uongo. Wanakijiji! Yaani sisi. Wakubwa walifanya kazi usiku, asubuhi damu ikapakwa mikononi mwa watu wa kijiji wasio na jina.

Kwa hiyo picha ya Tshibumba ilifanya mambo mawili ambayo serikali ilitaka yasifanyike. Ilimpa Lumumba kaburi, ukutani, ndani ya nyumba za watu. Na ilikataa ule uongo wa wanakijiji. Miaka 12 tu baada ya mauaji, katika Katanga yenyewe, mtu asiye na cheo alishika burashi akasema: huyu hakufa kama mtoro, huyu alijitoa. Hiyo haikuwa kazi ndogo, na tunamshukuru.

Tena Tshibumba hakuwa peke yake ulimwenguni. Tarehe 15 Februari 1961, siku mbili baada ya uongo ule kutangazwa, watu weusi wa Marekani waliingia katika kikao cha Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, New York, wakasimama na kupiga kelele mpaka kikao kikavurugika. Kati yao walikuwa mwimbaji Abbey Lincoln na Maya Angelou. Mwezi wa Juni 1964 Malcolm X alisema mbele ya watu kwamba Lumumba alikuwa mtu mweusi mkubwa kupita wote waliopata kutembea juu ya bara la Afrika. Miezi minane baadaye yeye naye aliuawa kwa risasi. Hawa walikuwa na mateso yao wenyewe kule kwao, lakini waliona kwamba aliyeuawa karibu na Élisabethville alikuwa wao pia. Jina lililofutwa hapa kwa asidi, kule lilipazwa kwa sauti.

Sasa tugombane na picha.

Mkiweka misalaba mitatu, ule wa katikati ni wa nani? Wa Yesu. Na ile miwili ya kando? Ya wanyang'anyi. Basi Mpolo na Okito wamekaa mahali pa wanyang'anyi. Najua, mtasema fundi hakutaka kusema hivyo, na ni kweli, hakutaka. Lakini mfano una nguvu kupita nia ya mwenye kuutumia. Maurice Mpolo alikuwa waziri wa vijana na michezo. Joseph Okito alikuwa makamu wa rais wa Seneti, mtu mzima kumpita Lumumba kwa miaka. Walipigwa sawasawa naye, walikufa usiku uleule, waliyeyushwa katika asidi ileile. Walijitoa kipimo kilekile. Lakini kwa sababu Golgota ina Mwokozi mmoja tu, wao wamebaki wasindikizaji. Uliza mtoto wa shule: Lumumba alizaliwa wapi? Atakujibu Onalua. Uliza: na Okito? Na Mpolo? Kimya.

Kuna jambo la pili, zito zaidi. Katika dini, Yesu alikufa mara moja kwa ajili ya wote, na sisi tunapokea. Hiyo ni imani, hatuigusi. Lakini ukiichukua na kuivika siasa, inaharibika. Lumumba anakuwa amelipa yote. Sisi tunabaki kulia chini ya msalaba, tunatundika picha, tunaimba, kisha tunakula. Picha inatuambia yeye alitoa nini, haituulizi sisi tunatoa nini. Kwa upande huo, ile "Colonie belge" ambayo watu waliiona ya kawaida ina ukweli mwingi zaidi. Pale fimbo iko katika mkono mweusi. Ukiiangalia, unapashwa kujiuliza: mimi ni yupi? Ni mfungwa, ni wale wanawake wanaolia, ao ni mwenye fimbo?

Tshibumba mwenyewe alijua habari za watu wadogo. Katika mfululizo wake alichora pia mgomo wa Desemba 1941, wakati wafanyakazi wa Union Minière walipoomba nyongeza ya mshahara wakapigwa risasi katika uwanja wa mpira wa Élisabethville. Makumi ya watu walikufa tarehe 9, na Léonard Mpoyi akiwa mmoja wao. Lakini ni Lumumba wa msalabani aliyebaki katika vichwa vya watu, si Mpoyi wa uwanjani.

Na hapa kwetu kaskazini, nani alilipa? Kabla hata ya uhuru, Kasongo Nyembo, mulopwe wa upande wa Kamina, alikataa kuinama mbele ya Wabelgiji. Mwaka 1917 walimuondoa wakampeleka Buta, mbali sana na watu wake, na huko alifia mwaka 1931. Halafu ikaja miaka ya 1960 na 1961. Tshombe alipotangaza kujitenga kwa Katanga tarehe 11 Julai 1960, watu wa Balubakat, chama cha Jason Sendwe, walikataa. Walitaka nchi moja, lile neno la Lumumba. Jibu lilikuwa moto. Askari wa Katanga na wazungu mamluki waliingia katika vijiji, upande wa Bukama, wa Luena, wa Manono, wa Kabalo. Batu balikimbia mu pori na batoto mugongoni, balilala na njaa, bengine habakurudia. Waliokuwa wakiishi Élisabethville walikimbilia kambi iliyochungwa na askari wa Umoja wa Mataifa, makumi ya maelfu ya watu katika vibanda, mpaka mwaka 1962 treni zilipowarudisha kaskazini. Nani amewachorea hawa msalaba?

Tusijisafishe kupita kiasi. Tarehe 8 Novemba 1960, karibu na Niemba, wapiganaji wa kwetu waliua askari tisa wa Ireland wa Umoja wa Mataifa, watu waliokuja kufungua njia iliyofungwa kwa kuvunjwa daraja. Hofu ya siku zile inaeleza mengi, kwa maana kila muzungu mwenye bunduki alionekana mamluki. Inaeleza, haifuti. Hili nalo picha ya Golgota haiwezi kulibeba, kwa sababu pale kuna mtakatifu na wauaji tu. Watu wa kweli walikuwa wanajitoa mkono mmoja, na mkono wa pili una damu ya mtu asiye na kosa.

Sendwe mwenyewe aliuawa Albertville mwezi wa Juni 1964. Leo jina lake liko juu ya hospitali kubwa ya Lubumbashi. Tunasema, "Mama yuko Sendwe", "Nilizaliwa Sendwe", bila kufikiri kwamba Sendwe alikuwa mtu. Wachache wanajua kwamba alikuwa msaidizi wa waganga, mtu ambaye wakati wa wakoloni hakuweza kuwa daktari kamili kwa sababu mlango huo ulifungwa kwa watu weusi. Jina lingetufundisha kila siku, kama kungekuwa mtu wa kulieleza pale mlangoni.

Hapo ndipo tunapotaka kufika: mtu wa kueleza. Wazee wetu Baluba walijua kwamba kitu peke yake hakikumbuki. Angalieni lukasa ya watu wa Mbudye. Ni kibao cha mti kinachoshikwa mkononi, kimepigiliwa shanga na kaure, ao kimechongwa alama. Shanga moja ni mfalme, nyingine ni mahali, mstari ni safari. Lakini ukiikuta chini bila mwenyewe, ni ubao tu. Lazima awepo mtu aliyefundishwa miaka, apitishe kidole juu ya shanga na kusimulia, na kila mara anasimulia kulingana na wanaomsikiliza na jambo lililo mbele yao. Na katika lukasa hakuna shanga inayosimama peke yake. Kubwa ya katikati inaeleweka kwa zile ndogo zinazoizunguka.

Tena angalieni kitenta. Mulopwe alipokufa, makao yake hayakuachwa yawe pori. Yaligeuka mahali patakatifu, na mwanamke aliyeitwa mwadi alichukua nafasi yake. Roho ya mfalme ilikaa kwake, yeye alichunga vitu vyake, watu walikwenda kwake kuuliza shauri. Alipokufa, mwanamke mwingine wa jamaa yake alimfuata. Yaani kumkumbuka mkubwa kulikuwa kazi ya mtu mzima, ya maisha yote, na kazi hiyo ilikuwa ya mwanamke. Tunapoandika juu ya kujitoa, tunaandika daima juu ya yule aliyekufa. Mababu walimhesabu pia yule aliyebaki kuchunga.

Mwezi wa Juni 2022 Ubelgiji ilirudisha jino la Lumumba, kitu pekee kilichobaki, ambacho Soete alikiweka kwake kama nyara. Jeneza lilitembezwa Lumumbaville, Kisangani, Shilatembo, mpaka Kinshasa, na tarehe 30 Juni likawekwa katika kaburi la heshima. Tulifurahi. Lakini mtu wa kitenta angeuliza swali moja: nani ni mwadi wa jino lile? Nani atakaa karibu nalo, si kwa bunduki ya kulinda mlango, ila kwa mdomo wa kusimulia, na kutaja Mpolo na Okito ambao hawakuachiwa hata jino la kuzika?

Tumalizie na jambo gumu kuliko yote, na tunaliandika kwa sababu lilipita mbele ya macho yetu. Mwaka 1992 na 1993 Wakasai walifukuzwa Katanga. Wanasiasa walichochea, lakini majirani ndio waliofukuza. Watu waliozaliwa Likasi na Kolwezi, ambao wengine hawakuijua Kasai, walikaa wiki na wiki katika vituo vya treni, wakafa na magonjwa na njaa, kisha wakapakiwa. Njia ya reli kutoka Likasi kwenda Kasai ni moja: inapita Bukama, inapita hapa Kabondo-Dianda, inaendelea Kamina. Treni zile zilipita hapa.

Na Tshibumba, aliyechora damu ya Lumumba ikiandika neno umoja, alikuwa mtoto wa Wakasai aliyezaliwa Katanga. Wale waliopakiwa katika mabehewa walikuwa watu wake. Labda wengine wa waliofukuza waliwahi kuwa na picha ukutani. Picha haikuwazuia. Tunasema hivi si kwa kumlaumu fundi. Yeye aliandika neno wazi, hata kipofu angesomewa. Tulilisoma kama neno la yule aliyekufa, deni lake yeye, amelipa, kwisha. Hatukulisoma kama agizo kwetu.

Kwa hiyo neno letu juu ya picha hii ni hili. Ni kazi kubwa, na pengine ndiyo picha inayosema zaidi juu ya kifo kile katika yote yaliyochorwa na mikono ya Kongo. Irudishwe kwetu, hata kama ni nakala, iwekwe mashuleni. Lakini isitundikwe bila msimulizi. Anayeionyesha aanze na ile misalaba ya kando, aseme Mpolo ni nani na Okito ni nani. Aende Shilatembo, aende uwanjani kwa Mpoyi, aende Buta kwa Kasongo Nyembo. Arudi kwenye vijiji vilivyochomwa, aseme na Niemba pia. Na akifika kwenye ile damu inayoandika, atoke nje na watoto, awaonyeshe reli.

Chama chetu kinaomba kila jamaa ya Kabondo-Dianda ilete majina: ya waliofia porini mwaka 1960 na 1961, na ya majirani Wakasai waliopita ao waliofia njiani mwaka 1992 na 1993, kama mtu angali anawakumbuka. Mama na nenekulu wa kila nyumba waulizwe kwanza, kwa maana wao ndio waliochunga zaidi. Yataandikwa katika daftari moja, yote pamoja, na kila mkutano wetu utaanza kwa kusoma ukurasa mmoja.